Sarafu ya Baba Iliyofukiwa Golini

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na ni fundi cherehani hapa Kasingirima, Ujiji. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na jezi za mpira zinazochanika. Wasomaji wenzangu, tangu nimeanza kuandika haya nimeshainuka kitini mara sijui ngapi... Nakaa, nasimama, nachungulia mlangoni, narudi. Tangu yanikute haya niliyonayo moyoni, sijui tena kukaa mahali nikatulia!

Ngoja nianze na baba, maana yote yanatoka kwake.

Baba yangu alikuwa kipa. Jina lake la mpirani lilikuwa Kitambaa, na wazee wa hapa ukilitaja tu wanacheka kwa furaha kabla hujamaliza. Alidaka pekupeku kwenye viwanja vya mchanga kando ya ziwa, na siku zote alikuwa amefunga kipande cha kanga kwenye mkono wa kulia. Alifungiwa na mama wakiwa bado wachumba, siku mkono ulipoteguka. Mkono ukapona, kitambaa kikabaki. Kila mechi mama alikata kipande kipya na kukifunga kwa fundo la kwao Kagunga, fundo lenye masikio mawili, ambalo ukishalikaza halifunguki tena mpaka ulikate.

Mama alitangulia mbele ya haki. Haukupita muda mrefu, presha ya macho ikampofusha baba, jicho la kwanza na la pili. Nikamleta kwangu. Jamani, mzee yule alihangaika! Halali. Anapapasa kuta, anauliza kama kumekucha, anaita jina la mama halafu anakumbuka, ananyamaza. Mimi na mume wangu tulikuwa hatuna usingizi nyumba nzima.

Ndipo likaja hili suala la sarafu.

Wenyeji wa hapa wanaoishi Dar es Salaam walikaa na wazee wa mpira wakaunda kamati. Wakasema mji huu umezaa wachezaji wengi mno, wengine wamekufa hata picha ukutani hawana, basi zitolewe sarafu za kumbukumbu kuuenzi mpira wa kwetu. Si za kununulia nyanya! Ni za kuweka ndani, ili mjukuu akiuliza babu alikuwa nani, atolewe sarafu aishike.

Wazo zuri, sivyo? Sasa ikaja sura ya nani iwekwe. Weee! Mji ulichafuka! Kila ukoo una mchezaji wake, na kila mchezaji alikuwa bora kuliko wote. Kikao kimoja kilivunjika, mzee mzima kamrushia mwenzake kofia usoni. Mwishowe mchoraji wao akasema hapa hatuweki sura ya mtu. Upande mmoja ziwa na boti, upande wa pili mikono miwili inadaka mpira, basi.

Lakini mikono ya kuchora aitoe wapi? Akazunguka akitafuta picha za zamani, na picha pekee iliyoonyesha vizuri mikono ya kipa ilikuwa ya baba yangu. Akaichora vilevile, na kitambaa chake, na fundo lake lenye masikio mawili. Jina halikuandikwa. Lakini nani Ujiji asiyeijua mikono ile?

Siku ya kuzitoa, uwanja ulijaa. Kila familia ya mchezaji wa zamani ikapewa moja. Mimi nilimshika baba mkono mmoja, mume wangu akamshika wa pili. Wakamwekea sarafu kiganjani, kubwa, nzito, inajaza mkono. Akapitisha dole gumba... polepole... likasimama.

Akaniambia, "Mwanangu, hili ni fundo la mama yako."

Akalia mbele ya watu wote. Na mimi nikalia. Hata mume wangu nilimwona anafuta macho, na leo nikikumbuka machozi yale natamani nimrukie!

Halafu wakampa baba kipaza sauti. Alikuwa mtu wa maneno machache ya mzaha. Akasema, "Nyie vijana mnavaa glovu za bei. Mimi bila sarafu golini sikuwa kipa. Kila mechi nafukia kwanza sarafu yangu, ndipo refa apulize filimbi!"

Watu walipiga kelele, wanagongana viwiko, wanakonyezana. Na mimi nilicheka. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikuwa anafukia ya nini. Kwa nini hatukuuliza? Swali dogo tu, sekunde moja, na baba yangu amesimama pale pale!

Sasa mjueni mume wangu. Kwa jina la mtoto wetu anaitwa Baba Shani. Ni fundi wa injini za boti kule mwaloni, boti zinapotia nanga, mchapakazi, mcheshi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Ugonjwa wake ni mmoja tu, mpira. Alikuwa kwenye kamati ya ufundi ya timu ya mtaa wetu, Kuhe Stars. Mnaofuatilia mpira wetu mnaijua kamati ya ufundi. Haimfundishi mtu kupiga pasi! Ndiyo ile ya kwenda kwa mganga, ya kupitia ukutani badala ya getini, ya kumwaga vitu uwanjani kabla ya mechi. Mimi nilikuwa namtania tu, namwambia kama dawa zenu zinafanya kazi mbona jezi nazishona mimi kila wiki zimechanika kwa kufungwa?

Tangu apate ile sarafu, baba alilala! Aliishika mkononi, dole gumba juu ya fundo, anakoroma mpaka asubuhi. Akawa anakula, anataniana na majirani, anawapa watoto wangu waguse na anawaambia hapo ndipo bibi yenu alipo. Nyumba ikatulia. Nikasema kumbe dawa ya mzee ilikuwa kipande cha chuma.

Shangazi yangu Tabu, mdogo wake baba, akaja kutoka Kagunga kumsalimia. Huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa akiumwa. Yeye na mama walikuwa marafiki toka utoto kabla ya kuwa mawifi, na lile fundo walijifunza pamoja. Alipoigusa sarafu alicheka sana. Akasema kwa kilugha chetu, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "hata huyo aliyechora amekaza vizuri!" Akakaa nasi siku kadhaa, kisha Ijumaa alfajiri akaaga na kuondoka na boti.

Asubuhi hiyo hiyo baba akaamka, sarafu haipo.

Nilitafuta, jamani! Nilikung'uta shuka, nikamwaga debe la unga, nikafumua mto. Baba anapapasa sakafu kwa magoti, anarudia maneno yale yale, kwamba alikuwa ameishika, alikuwa ameishika... Na mume wangu? Mume wangu alitafuta kuliko mimi! Aliinua kitanda peke yake. Alichukua tochi akalala kifudifudi akimulika uvunguni, jasho linamtoka. Nikamwonea huruma, nikamwambia apumzike, ana fainali mchana.

Siku ile Kuhe Stars walikuwa wanacheza fainali na timu ya Mwandiga.

Basi akanivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hasemi kitu, lakini mtu pekee aliyetoka humu ndani leo ni shangazi, na shangazi naye alimpenda sana marehemu, pengine ametamani kumbukumbu, binadamu ni binadamu...

Nilimkatalia. Halafu nikakaa. Halafu nikasimama. Nikakumbuka shangazi alivyoigusa, alivyocheka, alivyoondoka mapema. Lile neno liliingia kichwani mwangu likakataa kutoka. Nikamwambia mume wangu amwangalie baba, nikateremka mwaloni, nikapanda boti ya mizigo ya kwenda Kagunga. Njia nzima sikuweza kuketi. Abiria walinigombeza kwamba nitawapindua.

Nilimkuta shangazi anaanua dagaa, majirani wamemzunguka, wanamuuliza habari za mjini. Aliniona akafurahi, akaja kunipokea. Na mimi sikumpa hata shikamoo! Mbele za watu nikamwambia atoe sarafu ya baba.

Alidhani namtania. Alipoona sitanii, uso wake ulibadilika... sitausahau. Hakugomba. Alileta furushi lake, akalifungua, akamwaga kila kitu mchangani. Kanga, sabuni, sukari niliyomfungashia mwenyewe. Akakung'uta kanga aliyovaa. Akasema, "Haya, nikague na mwilini."

Majirani wakaanza kunisihi niache. Nikaona aibu, lakini kiburi kikanizuia kuomba radhi. Nikageuka. Nyuma yangu nikamsikia akisema kwa utaratibu tu kwamba kwangu hatakanyaga tena.

Nililala kwa watu, kesho yake nikarudi. Mji mzima honi! Kuhe Stars wameshinda moja bila, kipa amedaka penalti. Mume wangu nilimwona juu ya mabega ya watu, amefunga bendera kichwani. Aliponiona akashuka, uso umempauka. Nikajua kuna kitu.

Alimwacha baba peke yake akaenda mpirani na watoto! Na baba, kwa kuwa hakuna wa kumjibu, akatoka kwenda kuitafuta sarafu yake. Akafuata ukuta kwa mikono mpaka nje, akadhani ni baraza, kumbe ni mtaro. Majirani walimkuta humo. Nyonga imevunjika.

Hospitali walisema kwa umri wake na presha yake, upasuaji si jambo la haraka. Akawa amelala chali, hatembei. Dole gumba lake likawa linasugua kidole cha shahada mchana kutwa, linatafuta kitu ambacho hakipo. Chakula anageuza uso. Mimi natoka wodini, naenda nyumbani, nafukua tena kabati, narudi wodini. Kamati walisema sarafu zimekwisha, na familia nyingine hakuna iliyokubali kuniazima yake. Nilikonda nikawa fimbo.

Siku moja nimepita nyumbani kuoga, Deo, yule kipa wa Kuhe Stars, akaniletea jezi nimshonee kwapa. Kijana wa adabu sana. Kanisalimu, kanipa pole ya mgonjwa, halafu akaniambia, "Mama Shani, naomba umfikishie mzee shukrani zangu. Kile kitu alichotupa kimefanya kazi."

Nikamuuliza kitu gani.

Akashangaa. Akasema si ile sarafu? Baba Shani aliwaambia mzee mwenyewe kaitoa kwa moyo mmoja, ifukiwe golini kama enzi zake...

Mtu aliyelala kifudifudi akimulika uvunguni kwa tochi! Mtu aliyeinua kitanda!

Nilimwacha Deo na jezi yake mlangoni. Nilichukua jembe nyuma ya nyumba, nikatoka na kanga moja kiunoni, kichwa wazi, nikaenda uwanjani. Ilikuwa jioni, timu ina mazoezi, watu wamejaa kuangalia. Nilipita katikati ya uwanja mpira ukiwa unachezwa. Kocha ananipigia filimbi. Nikamwambia aipulize mpaka apasuke! Nikaanza kuchimba golini kuanzia mlingoti wa kulia, mchanga unaruka. Watu wakasema mama wa watu kashapagawa.

Mume wangu akaja mbio, mikono ina grisi. Hakuniuliza nachimba nini. Alisimama mbali kidogo, akasema kwa sauti ya kufa, "Ni upande wa kushoto."

Niliipata chini ya mlingoti wa kushoto, imeviringishwa kitambaa chekundu. Nikafungua kwa meno. Ziwa lipo, boti ipo. Nikageuza upande wa pili... upara! Mikono hakuna. Mpira hakuna. Fundo hakuna. Wameisugua ikawa laini kama kigae cha chooni!

Akaniambia pale pale, mbele za watu, huku analia. Mganga alitaka unga wa ile mikono uwekwe ndani ya glovu za kipa, na kilichobaki kifukiwe. Basi yeye, fundi injini, akaibana sarafu ya baba mkwe wake kwenye jiliwa na kuila kwa tupa yake mwenyewe. Eti alikuwa anaiazima tu. Eti angeirudisha Jumatatu.

Nikamuuliza, "Ungemrudishia na nini? Ungemchorea kwa wino, kipofu?"

Nikaifunga sarafu kwenye pindo la kanga.

Nikaenda hospitali na mchanga wangu miguuni. Nikamwekea baba sarafu mkononi. Alivyofurahi kwa ule uzito! Dole gumba likapita... likarudi... likageuza... likapita tena. Nilitazama lile dole gumba nikatamani ardhi inimeze.

Akanisukumia. Akaniambia kwa upole kwamba hii si yake, nimepewa ya mtu, niirudishe kwa mwenyewe, hii haina mama yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nilishindwa. Nikamweleza yote, glovu, tupa, mlingoti. Nikamuuliza na mimi, baba, ile ya kwako uliyokuwa ukifukia ilikuwa dawa ya mganga gani?

Baba akacheka, kicheko cha maumivu, anashika nyonga. "Dawa? Viwanja vyetu havikuwa na chokaa, mwanangu. Nilikuwa naifukia sarafu nusu tu, ubavu juu, katikati ya goli. Nikirudi kinyumenyume, kisigino kikiigusa, najua nipo kati, sina haja ya kugeuka. Wao wamefukia wapi?"

Nikamwambia chini ya mlingoti wa kushoto.

"Wajinga hao! Mlingotini inamsaidia nani?"

Tulicheka wote wawili, Mungu anisamehe, tulicheka mpaka muuguzi akaja. Halafu baba akageuza uso ukutani. Akasema anamtaka dada yake.

Hapo ndipo nilipojua bado sijalipa. Nilimficha kwamba nilimdhalilisha shangazi. Nikapanda tena boti ya Kagunga, safari hii sikusimama, nilijikunyata kama mgonjwa. Nilimkuta nyumbani. Akanipita na beseni lake kama anayepita mti. Nikaita majirani wale wale. Nikapiga magoti pale pale aliponimwagia furushi lake, nikasema kwa sauti kwamba mwizi alikuwa mume wangu, na mimi nilimtukana bure mama huyu aliyenilea.

Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Aliniuliza jambo moja tu, "Kaka yangu anakula?"

Nikasema hali.

Akaingia ndani, akatoka na mtandio. Botini alikaa mbele kabisa, akanipa mgongo mpaka tukafika.

Nilipita nyumbani nikafungua sanduku la mama, nikatoa kanga yake. Mimi ambaye mkasi ni riziki yangu, niliikata kombo. Hospitalini shangazi akapokea kile kipande, akaketi kitandani kwa kaka yake, akakizungusha kwenye mkono wa kulia, akafunga lile fundo, akalikaza kwa meno. Mimi nilivitazama vidole vyake nikaona kwamba hata mama hakuwahi kunifundisha fundo lile, aliona tupo wote, muda upo.

Dole gumba la baba likaja taratibu. Likagusa sikio la kwanza. Likagusa la pili. Likatulia.

Akasema, "Eh... umekuja, mama watoto."

Shangazi hakumsahihisha. Aliitikia kwa sauti ya mama, nami nikatoka nje nikalilia ukutani. Usiku ule baba alilala. Hakuishi muda mrefu baada ya pale, lakini kila usiku uliobaki alilala.

Walioosha maiti walishindwa kulifungua lile fundo. Ikabidi walikate. Wakampa shangazi kile kipande, akakitia kifuani, akarudi kwao.

Mtaniuliza kama bado nina mume. Ninaye, na sina. Analala sebuleni. Baba alimsamehe kabla hajafa, alimwita akamwambia kwa mzaha siku nyingine afukie katikati. Mimi bado sijaweza. Kuhe Stars msimu uliofuata walifungwa nyumbani na ugenini, na glovu zao zina mikono ya baba yangu ndani! Sarafu ninayo, kwenye kopo la vifungo. Nikitafuta kifungo naigusa, nainuka, natoka nje, narudi.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi kina mama... kitu kikipotea ndani ya nyumba, usikimbilie kumvua nguo aliye mbali kwa sababu aliye karibu amekunong'oneza. Anayetafuta kwa jasho jingi mwangalie mara mbili. Na wazee wenu wakisema jambo msilolielewa, waulizeni wakiwa hai, msiwapigie makofi tu! Nawaomba sana, msipite nilipopita mimi.

Nimeshaenda Kagunga mara nyingi tangu msiba. Shangazi hunipa maji, hunipa kiti, watoto wangu huwakumbatia. Lakini kila nikisimama mlangoni kwake nasema shikamoo, naye huendelea na kazi yake. Labda haya yatamfikia, kuna wajukuu wa kumsomea. Shikamoo, shangazi. Nipo nimesimama hapa, nasubiri marahaba yako.